Suruali ya Kupimia Mto

Mimi wifi yangu simsifu ovyo. Wifi ni wifi. Ukimsifu asubuhi, jioni anakuja kuazima pasi. Lakini habari hii nitaisema kama ilivyokuwa, maana mtaani wameshaanza kuitia chumvi, na wapo wanaosema kwamba siku ile mimi nililia mbele ya watu. Sikulia mimi. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na aliyekaa karibu nami ukumbini ni shahidi, kwa sababu nilimpiga mgongo mpaka akahama kiti.

Wifi, mke wa kaka yangu, ni msoma mto. Ndiyo, kazi hiyo ipo na ina barua ya ajira. Chini ya daraja letu, pale mto unapokunja kona, palikuwa na bamba jeupe la chuma limefungwa kwa nati juu ya jiwe bapa, limeandikwa namba kuanzia sifuri kwenda juu kama rula. Saa tatu kamili asubuhi na saa tisa kamili alasiri, kila siku ya Mungu, wifi anateremka, anaangalia maji yamefika namba gani, anaandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi daftari linakwenda ofisi ya bonde, huko wanakosimamia mto mzima tangu unapoanzia mpaka unapoishia. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na miwili. Mtoto wake wa pili alizaliwa saa nne kasoro robo asubuhi. Nadhani mmeelewa mama yake alipitia wapi kwanza. Mtaani wanamwita Saa Tatu, na fundi saa wa pale kona anarekebisha saa za wateja akimwona anapita.

Wenyewe wanasimulia kwamba kazi ile waliomba watu saba, akachukuliwa yeye kwa sababu ndiye peke yake aliyemwuliza bwana wa ofisi, "Na Jumapili je, mto unalala?" Ndivyo alivyo. Mwembamba, mkimya, kichwa kigumu. Jikoni kwake hata kopo la chumvi limeandikwa "chumvi", kana kwamba kuna siku atasahau. Mimi ni fundi cherehani, kwangu utakuta nyuzi mpaka kwenye sufuria, na kwa miaka mingi mimi na yeye tulikuwa tunavumiliana tu.

Sasa kaka. Kaka yangu ni mwashi, mrefu kupita kiasi, wenyewe wanamwita Mnara. Miaka minne iliyopita alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, bega likaachia. Waliliunga, lakini tofali hanyanyui tena. Akawa mtu wa kukaa nyuma ya nyumba kwenye stuli, ameelekea ukutani, tangu chai ya asubuhi mpaka jua linazama. Ukimsalimia anaitika. Ukimwuliza kitu kingine anaitika vilevile. Mtu ambaye akicheka nyumba ya tatu wanasikia! Nilikuwa nikienda kumwona, narudi nimekasirika siku nzima, nawaharibia watu vitambaa vyao.

Mwaka uliofuata yakaja mafuriko, yakang'oa bamba. Wifi alishuka asubuhi akakuta jiwe na nati nne.

Ofisi ya bonde ina sheria moja isiyo na huruma: daftari halina nafasi wazi. Kituo kikikaa siku thelathini bila namba kinafutwa kwenye orodha, kwaheri. Wifi akaandika barua kuomba bamba jipya. Akajibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Akasimamisha mti aliouchora mistari. Ng'ombe wakaja kunywa, wakaulaza. Akasimamisha wa pili; ukaondoka na mtu, na kesho yake ukaonekana umeinua kamba ya nguo uani kwa mama mmoja ambaye simtaji, ni mteja wangu. Wa tatu ukachukuliwa na mto wenyewe. Siku ya ishirini na sita wifi akaja kwangu saa moja asubuhi, hata dirisha sijafungua.

"Wifi," akaniambia, "kaka yako kutoka unyayo mpaka goti ana sentimita ngapi?"

"Hamsini na nne," nikamjibu, maana vipimo vya kaka ninavyo kwenye daftari la wateja. "Unataka ashonewe nini?"

"Nataka kumsimamisha mtoni."

Pini zilinitoka mdomoni zote. Nilicheka, nikakaa chini, nikacheka tena. Yeye akanisubiri kama anavyosubiri saa tatu ifike, kisha akanieleza. Jiwe lipo, na jiwe ndilo sifuri. Mtu akisimama juu yake, visigino vikigusa nati, maji yakimfika goti basi ni hamsini na nne, na namba hiyo ni halali kama ya bamba.

"Na ng'ombe hawawezi kumlaza," akasema. "Wala hakuna atakayemng'oa akamfungia kamba ya nguo."

Basi nikashona suruali. Jamani, nimeshona magauni ya maharusi, nimeshona mapazia ya ukumbi mzima, lakini suruali ile ndiyo kazi ya maisha yangu. Kaki nzito, imembana vizuri. Ubavuni, kutoka chini mpaka kwenye mkanda, nilipiga mshono mfupi wa uzi mwekundu kila sentimita moja, na kila ya kumi uzi wa bluu na namba yake. Chini nikatia ukanda wa kupita chini ya unyayo, isije ikapanda anapotembea. Ilipofuliwa mara ya kwanza kitambaa kikarudi, ikafupika sentimita moja na nusu. Wifi aliniangalia kama nimemwibia. Nikashona nyingine, safari hii kitambaa nikakilowesha kwanza, na tangu siku hiyo kila mwisho wa mwezi kaka alikuja kwangu, akasimama juu ya meza ya kukatia, nikapitisha tepu ubavuni kuhakikisha hakuna mstari uliohama, nikaandika tarehe. Msifikiri ni wifi peke yake mwenye daftari.

Kaka alipoambiwa aliinuka kwenye stuli, akavaa suruali. Saa tatu kamili akaingia majini, akasimama kwa ubavu, maana ukiyaelekea maji yanakupanda mbele na kukushuka nyuma. Wifi akaingia naye, akamshika mkono mmoja asiyumbe, akainama akasoma. Daraja zima lilikuwa limejaa watu.

"Mnara umehamishiwa mtoni!" mtu akapiga kelele.

Kaka akamgeukia taratibu. "Na wewe ukitaka kazi ya serikali, nenda kaoge kwanza," akamwambia.

Watu waliangua kicheko, na katikati ya vicheko vile nikasikia kimoja ambacho sikukisikia mwaka mzima. Kilikuwa cha kaka, kilekile cha nyumba ya tatu. Nilirudi kwenye cherehani yangu sijui nakanyaga wapi, na siku hiyo sikumgombeza mteja hata mmoja.

Ikaenda hivyo miezi thelathini na saba, mara mbili kwa siku. Maji yakizidi mkanda kaka haingii, na wifi anaandika kwamba ni mafuriko. Watu wakazoea. Wageni wakiuliza yule bwana anafanya nini majini na koti na kofia, wanajibiwa, "Ni kipimo," na safari inaendelea.

Ndipo ikatoka sera mpya ya taifa ya maji. Wifi alileta kijitabu chake kwangu, nikakisoma nikingoja pasi ipate moto. Maneno yalikuwa ya wasomi, usimamizi shirikishi wa rasilimali na nini na nini, lakini habari yenyewe fundi cherehani yeyote ataielewa: kitambaa ni kimoja. Huwezi kukata mikono mipana wakati mgongo hujaupima. Zamani watu wa kilimo walitoa ruhusa yao ya kuchota, wa mifugo yao, wa mji yao, wa viwanda yao, kila mtu na mkasi wake, hakuna anayemwuliza mwenzake, na wakulima wa mboga walio chini ya daraja wakabaki na vipande. Sasa sera inasema wanaotumia mto mmoja wakae meza moja, wapange pamoja, juu na chini, na kabla hawajagawana hata kikombe, mto wenyewe uachiwe maji ya kuufanya uendelee kuwa mto. Nilikipenda kijitabu kile. Nilikiunguza pembe kidogo na pasi, lakini nilikipenda.

Na mtagawanaje kitu msichojua ni kiasi gani? Hapo ndipo madaftari ya wifi yalipopanda cheo. Wataalamu waliyasoma wakaona kwamba maji yakishuka chini ya sabini pale darajani, mifereji ya mboga inakauka ndani ya wiki moja. Wakapendekeza: yakifika chini ya sabini, shamba kubwa la maua lililo juu ya daraja lizime pampu mbili kati ya nne, mpaka yapande. Kikao cha watumiaji wote wa bonde kikaitishwa kukubali au kukataa.

Wifi aliitwa aende na madaftari yake. Akanifuata, uso umemshuka.

"Nisindikize. Mimi kusema mbele za watu siwezi."

"Na kaka?"

"Anakuja. Kikao kinaweza kuchelewa, na saa tisa hainisubiri."

Ndiyo maana kaka aliingia katika ukumbi wa shule akiwa amevaa juu koti lake la harusi, chini suruali ya mto, na miguuni raba nyeupe mpya alizonunua kwa ajili ya heshima ya wageni.

Walikuwepo watu wa maji ya mji, wafugaji, wafuga samaki, na wakulima wa mboga wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Walikuwepo pia watu wa shamba la maua na mhandisi wao, kijana nadhifu, mpole, shati limepigwa pasi na mtu anayejua kazi. Mbele alikaa mtaalamu kutoka makao makuu ya maji, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mhandisi aliponyoosha mkono.

"Tulipewa nakala za madaftari ili tuyapitie," akasema kwa adabu. "Namba nimeziona. Nina swali juu ya safu ya mwisho, ya maelezo. Naomba nisome." Akavuta karatasi. "'Kipimo kina mafua, kimechelewa dakika ishirini.'"

Akashusha kidole mstari mwingine.

"'Kipimo kimetoka msibani, kimewahi.' Na hii hapa: 'Kipimo kimekataa kuingia, tumegombana, kimeingia.'" Akaishusha karatasi. "Naomba kueleweshwa. Hiki ni kipimo cha aina gani?"

Wifi akasimama.

"Ni mume wangu," akasema.

Mama yangu! Ukumbi ulilipuka. Wafugaji walipiga meza. Mfuga samaki mmoja alianguka na kiti chake, akaendelea kuchekea hukohuko chini. Mimi ndipo nilipompiga mtu mgongo. Kaka, bila kuombwa, alisimama akainamisha kichwa kama mgeni rasmi.

Lakini mhandisi hakucheka, na aliyoyasema baadaye yalinikata kicheko. Alisema hamdharau mtu. Alisema hata hivyo sabini hiyo, ambayo shamba lake lizime pampu kwa ajili yake, imesimama juu ya miguu ya mtu, tena mtu mwenye mafua. Akaomba madaftari ya miaka mitatu yawekwe kando, na pendekezo lingoje utafiti mpya. Mtu mmoja akauliza utafiti utachukua muda gani. Mhandisi akasema pengine miaka mitatu.

Mwenyekiti wa mboga akafumba macho. Kabichi zao zilikuwa ardhini siku ileile, na mfereji wao ulikuwa umebaki tope. Wifi akakaa, akanishika mkono chini ya meza.

"Wakiyatupa madaftari wamenitupa mimi," akanong'ona. "Wataniandika mwongo, wifi. Miaka ishirini na miwili."

Nilisimama kabla sijafikiri. Hasira zangu mnazijua.

"Mwongo atakuwa mtu mwingine!" nikasema. "Suruali ile nimeshona mimi. Kila mwezi nimeipima kwa tepu, tarehe zote ninazo hapa, na kitambaa kililoweshwa kabla ya kukatwa! Nani hapa ana kipimo kilichokaguliwa mara thelathini na saba? Nionesheni!"

Mtaalamu akanitazama juu ya miwani yake. Hakunifukuza. Aliomba tu apewe daftari la kwanza, lile la mwezi wa mafuriko. Akafungua ukurasa wa mwisho, akausoma kimya, kisha akausoma kwa sauti.

"'Bamba limechukuliwa na maji. Namtumia mume wangu, anasimama juu ya jiwe la sifuri. Naomba bamba.'"

Akachukua la mwezi wa pili. "'Bamba bado. Namtumia mume wangu. Naomba bamba.'" La tatu. La nne. Akaruka mpaka la mwisho kabisa, la juzi. "'Namtumia mume wangu. Hajambo. Naomba bamba.'" Alivua miwani. "Mama huyu hakumficha mtu kitu. Ametuandikia mara thelathini na saba." Akamgeukia ofisa wa bonde aliyekaa pembeni yake. "Ofisini nani alikuwa anasoma safu ya maelezo?"

Ofisa aliangalia viatu vyake. "Tulikuwa tunanakili namba tu, mama."

"Bamba liko wapi?"

"Kwenye gari. Lilikuwa ghalani. Nimekuja nalo tulifunge leo."

"Basi tukalifunge," mtaalamu akasema. "Na tumsimamishe baba huyu pembeni yake. Wakikubaliana, madaftari yatapokelewa na sabini itapita. Wasipokubaliana, mhandisi atakuwa amesema kweli, na tutaanza upya. Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Nani angepinga? Watu walikuwa wameshaanza kukimbilia mlangoni ili wapate nafasi nzuri darajani.

Sijawahi kuona msafara kama ule. Masuti, magumboti, wafugaji na fimbo zao, mwenyekiti wa mboga amekunja gauni, wote wanateremka kwenda mtoni, na kaka yangu mbele anatembea kama bwana harusi. Mafundi wakalifunga bamba kwenye nati za zamani, wakalinyoosha kwa pimamaji. Jeupe, zuri, namba zinasomeka ukiwa barabarani. Kaka akavua koti akampa mhandisi amshikie, akaingia, akasimama hatua moja kutoka kwenye bamba, juu ya jiwe lilelile.

Ofisa wa bonde akasoma bamba. "Sitini na mbili."

Wifi akamshika kaka mkono, akainama. Akakaa ameinama muda mrefu mno. Alipoinuka uso wake ulikuwa umepauka, lakini mtu wa kupindisha namba si yeye.

"Sitini," akasema.

Mwenyekiti wa mboga alitoa mlio kama wa birika. Mhandisi hakufurahi, hilo nampa haki yake; alisema tu kwa sauti ya chini kwamba tofauti ni sentimita mbili. Na mimi, kule ukingoni, nilikuwa nimeyakodolea macho maji, naona kitu cheupe kule chini, nacho hakieleweki. Kikaeleweka.

"Raba!" nikapiga yowe. "Kaka! Umeingia na raba! Vua raba, mtu mzima hovyo!"

Kaka akajiangalia miguu. Alikuwa amevaa raba juu ya ule ukanda wa unyayoni, kwa hiyo soli nzima ilikuwa imemnyanyua juu ya jiwe. Miezi thelathini na saba anaingia peku, siku ya mtihani anajipamba! Alizivua, akazirusha ukingoni moja baada ya nyingine, ya pili ikampata ofisa wa bonde begani. Akakanyaga jiwe.

Wifi akainama. "Sitini na mbili," akasema.

Mtaalamu, mwanamke makini, akataka atoke aingie tena, mara tatu. Mara ya pili ilitoka sitini na moja na nusu, kwa sababu kaka alikuwa anacheka na suruali inacheka naye. Akaambiwa ajikaze. Ikawa sitini na mbili. Ya tatu, sitini na mbili.

"Madaftari yamepokelewa," mtaalamu akasema. "Na sitini na mbili ni chini ya sabini."

Mhandisi alikuwa bado ameshika koti la harusi mkononi. Akaliangalia bamba, akamwangalia kaka, akatoa simu.

"Zimeni pampu mbili," akasema. "Ndiyo, mbili. Sasa hivi, nitawaeleza."

Wakulima wa mboga walimbeba mwenyekiti wao juu, au walijaribu. Ilikuwa nia njema. Kutoka shambani mpaka darajani maji huchukua karibu saa nzima, na hakuna aliyeondoka. Kaka alikataa kutoka majini. Tukakaa ukingoni kungoja, na hapo ndipo mtaalamu, akisafisha miwani yake kwa ncha ya blauzi, akamwuliza wifi swali ambalo naamini lilikuwa likimkereketa tangu ukumbini.

"Mama, nisaidie kitu kimoja. Miti uliyosimamisha ilichukuliwa, sawa. Lakini kwa nini hukuchora mistari kwenye fimbo, ukashuka nayo, ukapima, ukarudi nayo nyumbani?"

Niliifikiria fimbo ile. Nikaifikiria suruali, nyuzi nyekundu, nyuzi za bluu, ukanda wa unyayoni, meza ya kukatia, tepu, miezi thelathini na saba. Nikahisi uso unanipata moto mpaka masikioni. Fimbo! Fimbo ya kawaida, ya kushika mkononi!

Wifi akaangalia chini, anachezea kalamu.

"Niliifikiria," akasema polepole. "Wiki ya kwanza."

"Sasa mbona..."

"Alikuwa anakaa nyuma ya nyumba, anaangalia ukuta." Akafunika kalamu. "Nikaona fimbo haina haja ya kutoka nje."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini maji hubeba sauti. Kaka, kule kwenye jiwe, alijikohoza.

"Mimi niliifikiria siku ya pili," akasema.

Wifi akainua kichwa. "Siku ya pili? Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenirudisha kwenye stuli."

Wakatazamana, watu wazima wenye wajukuu, mmoja majini mmoja ukingoni, wakaanza kucheka, na kicheko kikatushika wote, mtaalamu, wafugaji, hata mhandisi akajifutia macho kwa koti la harusi la mtu. Mjinga nilikuwa mimi peke yangu, niliyeshona suruali mbili na kuikagua ile ya pili kila mwezi bila kuiona fimbo. Na nasema wazi, siku ile nilimpenda wifi yangu. Nilimpenda nikataka kumshonea gauni bure, na gauni nimemshonea, la mikono mipana.

Basi, katikati ya kicheko, kaka akanyamaza ghafla. Akashika paja.

"Yamepanda," akasema.

Watu wakasimama wote. Bamba jipya lilikuwa palepale, hatua moja kutoka kwake, lakini hakuna aliyelitazama. Watu wote walikuwa wanaangalia paja la kaka yangu.

"Ngapi?" mwenyekiti wa mboga akauliza. "Sema, baba, ngapi?"

"Yanapita mshono wa tatu juu ya sitini. Sasa wa nne. Yanapanda, yanapanda!"

Wifi akatazama saa yake. Ilikuwa saa tisa kamili. Akaingia majini na viatu vyake, akamshika kaka mkono, akainama, akasoma, akafungua daftari juu ya mgongo wa mumewe na kuandika sitini na sita.

"Toka basi," akamwambia. "Utapata mafua tena."

"Sitoki," kaka akajibu. "Mpaka yafike sabini."

Wifi akafunga daftari, akalitia kwapani, akabaki hapohapo kwenye jiwe, hakumwachia mkono.